Msinitajie Tena Hicho "Kipaji"

Haya wadau, nimerudi. Najua wengine mlishaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko bwana. Ni asaimenti tatu za saikolojia ya elimu zilizokuja kwa mpigo, na bumu lililokawia mpaka nikawa nashindia chapati kavu na maji ya bomba. Hayo tuyaache. Leo nimekuja na hasira, na hasira yenyewe ni ya humu humu hosteli, kwa hiyo baadhi yenu mtakaosoma mtajijua. Sina ugomvi na mtu. Nina ugomvi na neno.

Jumapili usiku tulijibana watu saba kwenye chumba chetu, laptopu moja yenye ufa kwenye kioo, spika ya kuazima, tukaangalia Wicked, ile sehemu ya kwanza iliyotoka Novemba 2024. Kwa ambao hawajaiona: ni sinema iliyotokana na mchezo wa muziki wa jukwaani ulioingia Broadway, New York, Oktoba 2003. Mchezo wa muziki maana yake mwigizaji anaongea, anaimba na anacheza, vyote ndani ya hadithi moja, na hadithi haisimami kusubiri wimbo uishe. Wimbo wenyewe ndio unaoisukuma. Yule msichana wa kijani anachezwa na Cynthia Erivo. Alipofika wimbo wa mwisho, pale anapopaa, chumba kizima kikanyamaza. Hata yule jirani yetu ambaye kila sinema anaitangaza kama mechi ya Simba na Yanga alifunga mdomo.

Ilipoisha, mmoja akavuta pumzi akasema, "Huyu dada ni kipaji tu. Mungu kampa, basi." Mwingine akadakia, "Angezaliwa huku angekuwa anaimba kwenye harusi." Watu wakacheka. Nami nikacheka, msinione mtakatifu. Halafu nikapanda kitandani na usingizi ukagoma.

Maana ile sentensi ya kwanza ni uongo. Na ya pili ina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe ni wa kututia aibu sisi, tena sisi tunaosomea ualimu kuliko wote, wala si wa kuchekea.

Tuanze na uongo. Huyu dada amezaliwa London mwaka 1987, wazazi wake ni Wanaijeria, akakulia kusini mwa jiji hilo. Alianza chuo kama sisi, akasoma saikolojia ya muziki University of East London. Hakumaliza. Alikuwa akihangaika na maigizo kwenye ukumbi wa Theatre Royal Stratford East, na mwongozaji mmoja wa jukwaa, Rae McKen, akamsukuma aombe nafasi RADA, kile chuo cha uigizaji cha London kilichoanza mwaka 1904. Akaomba, akapata, akamaliza 2010. Mnaona? Hapo hajaimba wimbo hata mmoja wa kumpa jina, na tayari hesabuni: ukumbi wa mtaani unaopokea vijana, mtu mzima aliyemtazama na kumwambia nenda pale, na chuo. Vitu vitatu ambavyo havikumshukia kutoka mbinguni. Kuna watu walivijenga, kuna watu walivilipia.

Baada ya hapo ndipo utamu wenyewe. Kuanzia 2011 alizunguka Uingereza na mchezo wa Sister Act, yeye ndiye Deloris, mwimbaji wa klabu anayefichwa kwenye nyumba ya watawa. Mji huu leo, mji ule wiki ijayo. Mnajua kazi hii inavyokwenda? Kawaida ya wenzetu wa majukwaa makubwa ni maonyesho 8 kwa wiki. Nane! Yaani kuna siku unapanda jukwaani mchana, unashuka, unakula kitu kidogo, unapanda tena usiku, na yule aliyekata tiketi ya usiku hataki kusikia kwamba sauti uliimaliza mchana. Mtu akifanya hivyo mwaka mzima, koo lake linajua kazi. Sisi tunaita kipaji.

Mwaka 2013 akaingia kwenye The Color Purple, mchezo uliotokana na riwaya ya Alice Walker ya 1982, akicheza Celie, yule msichana mweusi wa Georgia anayeteswa nyumbani na kutenganishwa na mdogo wake. Wapi? Menier Chocolate Factory. Jina halidanganyi, ni kiwanda cha zamani cha chokoleti, kumbi yenye viti visivyofika 200. Ile lekcha ya misingi ya elimu tunayobanana Jumatatu asubuhi ina watu wengi kuliko ule ukumbi.

Sasa sikilizeni mwaka 2014, maana mwaka huu ndio ulionifanya niamke kuwasha taa na kuandika. Akapewa nafasi kubwa London Palladium, ukumbi wa viti zaidi ya 2,000. Mchezo unaitwa I Can't Sing!, nao ni kejeli juu ya The X Factor, yale mashindano ya kusaka vipaji kwenye televisheni. Ulifunguliwa Machi, ukafungwa Mei. Wiki chache tu, fedha nyingi chini, mapazia yakashushwa. Kwa akili zetu za hapa, dada angekuwa amekwisha. Tungesema nyota yake imezima, amerogwa, arudi akamalizie ile digrii. Lakini kiangazi kile kile akawa Trafalgar Studios kwenye mchezo wa Dessa Rose, kile chumba chao kidogo cha viti kama 100. Kutoka elfu mbili mpaka mia! Kabla mwaka haujaisha akawa Donmar Warehouse kwenye Henry IV ya Shakespeare iliyochezwa na wanawake watupu. Mchezo mmoja unakufia mikononi na bado kuna jukwaa jingine la kupandia, dogo, lakini lipo. Hiyo ndiyo ngazi. Ukiteleza unashika kipandio cha chini, hudondoki mpaka ardhini.

Desemba 2015 ile The Color Purple ya kiwandani ikafunguliwa Broadway, ukumbi wa viti zaidi ya 1,000, na yeye akiwa Celie yule yule. Juni 2016 akachukua Tony ya mwigizaji bora wa kike katika mchezo wa muziki. Magazeti mengi yakaandika habari kana kwamba ameibuka jana yake. Jana! Miaka sita tangu amalize chuo, na hata ukiacha chuo kuna ile ya nyuma. Yaliyofuata mnayajua, sinema ya Harriet mwaka 2019, hiyo Wicked, kuteuliwa kuwania Oscar. Na bado mwaka 2025 ikatangazwa kwamba mwanzoni mwa 2026 angerudi jukwaani London katika Dracula, wahusika 23, wote achezwe na yeye peke yake. Mtu ambaye angeweza kukaa tu akala matunda ya sinema.

Najua mtakachosema. Kuna mmoja alinijibu asubuhi kimbwetani kabla hata sijamaliza sentensi: "Na Jennifer Hudson je? Si alitokea kwenye mashindano ya televisheni?" Swali zuri, nalipenda, maana Hudson alikuwa kwenye The Color Purple hiyo hiyo ya Broadway. Ni kweli alipita American Idol mwaka 2004, akatolewa akiwa wa saba. Lakini kabla ya hapo alikuwa akiimba kwenye meli ya kitalii ya Disney, katika mchezo wa jukwaani wa Hercules. Kipandio kingine hicho, kinaelea juu ya maji! Mashindano yalimkuta mtu ambaye tayari anafanya kazi. Televisheni ilimpa macho ya watu, mazoezi alikuja nayo mwenyewe.

Sisi tumechukua ile sehemu ya televisheni tu, tukaacha meli. Kila mwaka tunapanga vijana foleni juani, namba kifuani, sekunde thelathini za kuimba, majaji wanacheka, nchi inacheka. Anayeshinda anapewa zawadi na wimbo mmoja redioni. Halafu? Apande wapi Jumanne? Na Jumatano? Hakuna anayeuliza, maana tumeshakubaliana kwamba kipaji ni kama ujauzito, kikiwepo kitaonekana chenyewe.

Kabla hamjaniambia "hayo mambo ya Wazungu", naomba mkawaulize wazazi wenu waliokuwa Dar miaka ya 80 na 90. Mimi nimemuuliza mama kwa simu, akacheka mpaka salio likaisha. Watu walikuwa wanalipa kiingilio, wanakaa baa, na usiku mmoja wanaona ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, kwaya, na mwisho taarab. Muungano ya Norbert Chenga walikuwepo. Mwaka 1992 CCM ikaanzisha TOT, Kapteni John Komba akiwa mbele, yule aliyefariki Februari 2015. Upinzani wa vile vikundi viwili mama anausimulia kama sisi tunavyosimulia dabi. Khadija Kopa mnayemjua kwa mipasho alitoka Culture Musical Club ya Zanzibar akaja kupambana kwenye majukwaa hayo, na sauti ile imepikwa huko, usiku baada ya usiku, mbele ya walevi wanaoweza kukurushia maneno ukikosea. Msanii mmoja anacheza ngoma, anabadilisha nguo, anarudi kwenye igizo, anaitikia kwenye kwaya. Kama hiyo haikuwa shule ya mchezo wa muziki, niambieni ilikuwa nini. Hatukuita hivyo, lakini kazi ilikuwa ile ile ya kuongea, kuimba na kucheza mbele ya mtu aliyelipa.

Hata akina Kanumba na Ray hawakuanguka kutoka mawinguni. Walitokea Kaole, kikundi, watu wanafanya mazoezi pamoja halafu wanaonekana ITV. Baadaye kila mmoja akawa na kampuni yake na kamera yake, vikundi vikasinyaa, na ngazi tukaifanya kuni.

Sasa nije kwetu walimu watarajiwa. Hapa naomba mnivumilie maana panauma.

Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme. Walikwenda shule za sekondari wakawafundisha wasichana kutumia maigizo, nyimbo na ngoma kusema yanayowasibu, mbele ya walimu na wazazi. Mradi ulikua, ukachukuliwa na FAWE, ukaenda nchi nyingine za Afrika. Yaani dunia ilikuja kujifunza kwetu! Kuna wenzangu wa mwaka wa tatu, ualimu, wasiojua neno Tuseme ni nini. Niliuliza kimbwetani, watu wanane, mmoja tu akasema alilisikia, na alidhani ni kipindi cha redio.

Mimi nilikuwa nalijua. Ndiyo maana dhambi yangu ni kubwa kuliko ya wale wanane.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, shule sitaitaja, nilipewa Kiswahili kidato cha pili. Sanaa za maonyesho lipo kwenye mitaala ya nchi hii kama somo kamili, lakini pale hata kwenye ratiba halikuwepo, na hakuna aliyelikumbuka. Darasani kulikuwa na binti mmoja wa benchi la nyuma. Tulikuwa tunasoma tamthilia, nikawapa kazi ya nyumbani waandike muhtasari wa onyesho. Wote wakaleta muhtasari. Yeye akaleta daftari zima. Alikuwa amelibadilisha lile onyesho likawa la nyimbo. Mama mhusika anaimba anapokataa mahari, wanakijiji wanaitikia, halafu amechora pembeni nani asimame wapi, nani aingie kutoka mlangoni na nani kutoka dirishani. Dirishani! Saa ya mapumziko nikawakuta nyuma ya bweni wanafanya mazoezi, wasichana kumi na kitu, ndoo ndiyo ngoma.

Mwalimu mmoja akalalamika kelele. Mimi mgeni, naogopa alama zangu za mazoezi, mkaguzi kutoka chuo anakuja Alhamisi. Nikaenda nyuma ya bweni nikachukua lile daftari. Nikamwambia, na maneno yangu nayakumbuka vizuri sana, "Kwanza masomo. Kipaji hakipotei, kitakusubiri."

Hakubisha. Akasema, "Sawa mwalimu," akachukua ndoo yake akaenda kuchota maji.

Kitakusubiri. Mnaona nilivyolitumia lile neno? Ndiyo kazi yake. Linamruhusu mwalimu asifanye kitu. Kama ni kipaji, hakihitaji saa ya ratiba, hakihitaji ukumbi, hakihitaji mtu wa kumwambia binti nenda ukaombe nafasi pale. Kitajilea. Hatujawahi kumwambia mtoto anayeweza hesabu kwamba hesabu zako zitakusubiri, kachote maji.

Na msidhani chuoni ni tofauti. Muhula uliopita sisi wachache tuliomba ukumbi jioni mbili kwa wiki tufanye mchezo wa nyimbo. Ofisi moja ikatuambia tuandike barua. Nyingine ikasema barua ipite kwingine. Wiki ya nne tukaambiwa ukumbi una shughuli, kupita pale tukakuta kampuni inagawa fulana na laini za simu. Mwenzetu wa soprano, ambaye mkimsikia mtalia, sasa anarekodi matangazo ya duka la vitenge kwa elfu kumi. Simlaumu. Anakula.

Hapo kwenye kula ndipo wapinzani wangu wana hoja, na siwezi kuikwepa. Baba wa rafiki yangu alisema, "Jukwaa halilipi ada." Ni kweli mzee, kwa sasa halilipi. Hata huko London ule mchezo wa Palladium ulikufa na watu wakakosa kazi. Lakini Shikamoo mzee, naomba nami nikuulize, nani aliwahi kulijaribu hapa kwa uzito tunaotumia kwenye mpira wa miguu? Kila shule ya kata ina magoli mawili, hata kama ni ya miti. Hakuna anayetegemea kila mtoto atasajiliwa Simba. Tunaweka magoli kwa sababu tunajua bila magoli hakuna atakayesajiliwa. Mimi naomba magoli tu. Darasa moja likae wazi baada ya vipindi. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeweka Sanaa na Michezo kuanzia darasa la tatu. Vizuri sana, napiga makofi, lakini sote tunajua kipindi hicho kitakavyogeuzwa kuwa marudio ya hisabati, na watakaokigeuza ndio sisi, na sababu tutakayotoa ni ile niliyoitoa mimi nyuma ya bweni.

Lile daftari ninalo. Nilisahau kulirudisha siku ya kuondoka, au nilijifanya nimesahau. Limekaa chini ya begi langu tangu Agosti, jalada lina picha ya twiga. Jumapili usiku baada ya sinema nililitoa nikalisoma kwa tochi ya simu. Kuna makosa ya tahajia na wimbo wa tatu ni mrefu mno. Ule wa mahari nimeuimba kimoyomoyo tangu jana, hautoki.

Nimeshatoa nakala pale kwenye kibanda cha steshenari, kurasa 34. Daftari lenyewe linaondoka Ijumaa na basi, kwa jina la mwalimu wa Kiswahili wa kule ambaye nimeongea naye, amekubali. Ndani nimeweka barua ya kumwomba binti radhi na kumwomba ruhusa. Akikataa, basi, nakala nitazichana. Akikubali, tunaanza. Ukumbi hatuna, kwa hiyo ni pale vimbweta vya chini ya mwembe, Jumamosi saa 10 jioni. Nahitaji sauti nne za kike, wawili wa kiume wasioona aibu kuitikia, na mtu mwenye ngoma. Kama huna ngoma njoo na ndoo.